Uluru: Mnyororo na Kibao

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya njia. Sina maana ya barabara za lami wala reli. Nina maana ya njia ya miguu, ile ambayo serikali huikata ndani ya hifadhi ya taifa ili wananchi na wageni wapite, wapande mlima, waone maporomoko ya maji, kisha warudi makwao na picha.

Watu wengi huliona jambo hilo kuwa dogo. Mpimaji anakuja na ramani yake, anatazama mteremko ulivyo, anachora mstari, vibarua wanafyeka, na kazi imekwisha. Lakini kila njia inayochorwa ni uamuzi. Inaamua mgeni akanyage wapi na asikanyage wapi, aone nini, na kipi kibaki siri ya wenyewe. Na yule mwenye kauli ya mwisho katika uamuzi huo ndiye mwenye mahali, hata kama hati inasema vingine.

Mfano nitakaoutumia uko mbali na kwetu, katikati ya jangwa la Australia. Nimeuchagua kwa sababu historia yake inajulikana tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu una fundisho ambalo linavuka bahari.

Pale pana mwamba mmoja mwekundu unaoitwa Uluru. Unainuka mita 348 juu ya uwanda uliouzunguka, na kuuzunguka kwa miguu ni mwendo wa kiasi cha kilomita 10. Mji mkubwa ulio karibu nao, Alice Springs, uko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara. Wenyeji wa hapo wanaitwa Anangu. Wataalamu wa mambo ya kale wanasema kwamba watu wameishi katika jangwa hilo la kati kwa zaidi ya miaka 30,000.

Anangu wana neno lao, Tjukurpa. Wageni wengi wamelifasiri kuwa ni hadithi za kale au ndoto, lakini wenyewe wanasema ni sheria. Ndani yake mna habari za mababu walioumba nchi, mna masharti ya kuoana na kurithi, mna elimu ya wapi maji yanapatikana na wakati gani wa kuchoma nyasi. Yote hayo yameandikwa katika nchi yenyewe. Ufa huu ni pigo la fimbo ya babu fulani, na pango lile ni mahali walipolala akina mama. Ndiyo kusema, mtu anayejua kuusoma mwamba ule huwa anasoma katiba.

Moja ya habari hizo ni ya Mala. Mala ni mnyama mdogo wa jamii ya kangaruu, na ni jina la mababu waliofika Uluru kutoka kaskazini kufanya sherehe. Walipofika, wanaume wao walipanda juu ya mwamba kwa kufuata bega la upande wa magharibi. Nakuomba uikumbuke sana njia hiyo, msikilizaji, maana kisa chote cha leo kinaizunguka.

Mwaka 1873 alifika mpimaji mmoja aitwaye William Gosse. Aliupanda mwamba pamoja na Kamran, Mwafghani aliyekuwa akitunza ngamia wa msafara, na akaupa jina la Ayers Rock, kwa heshima ya Henry Ayers, kiongozi wa serikali ya Australia Kusini wakati huo. Wenyewe hawakuulizwa kama mwamba ulikuwa tayari na jina.

Ilipofika mwaka 1920, eneo hilo liliwekwa kuwa hifadhi ya wenyeji asilia. Hata hivyo, kutengewa nchi kwenye karatasi si sawa na kuachwa kwa amani ndani yake. Mwaka 1934 polisi mmoja aliyekuwa akiwafuatia watu waliomtoroka alimpiga risasi na kumuua Mwanangu mmoja ndani ya pango lililo karibu na bwawa la Mutitjulu, chini ya mwamba. Tume iliundwa, ikachunguza, na polisi yule hakushtakiwa. Baada ya hapo Anangu wengi waliiogopa sehemu hiyo kwa miaka mingi.

Watalii walianza kufika mwaka 1936. Mwaka 1948 ilikatwa barabara ya kwanza ya magari. Na mwaka 1958 serikali iliumega mwamba kutoka katika hifadhi ya wenyeji ili uwe hifadhi ya taifa. Maana yake ni kwamba ardhi waliyotengewa wenyeji ilichukuliwa tena mara ilipoonekana kuwa ina faida. Kiwanja cha ndege kilijengwa, na nyumba za kulala wageni zikasimama karibu kabisa na mguu wa mwamba. Wenyeji walionekana kuwa wanazuia mandhari.

Ndipo katikati ya miaka ya 1960 ukaja mnyororo. Bega lile la magharibi lina mteremko mkali, na wapandaji walikuwa wakiteleza. Wakuu wa hifadhi wakatoboa mwamba, wakasimamisha nguzo za chuma, wakafunga mnyororo wa kushikilia. Baadaye ukarefushwa. Kwa hesabu ya mhandisi, ile ilikuwa kazi nzuri ya kuokoa maisha. Lakini tazama ilikofungwa: ni ile ile njia ya mababu wa Mala. Kitu ambacho kwa Anangu kilikuwa ni mapito ya watu maalumu, kwa sababu maalumu, kilifanywa ngazi ya umma.

Anangu wakawapa watalii jina: minga, yaani sisimizi. Ukiwatazama kwa mbali wakiupanda mwamba kwa mstari, kweli ndivyo wanavyoonekana. Lakini nyuma ya utani huo palikuwa na uchungu. Katika mila ya Anangu, mgeni akiumia katika nchi yako, wewe mwenyeji ndiye unayebeba huzuni na lawama, kwa kuwa hukumtunza. Na wageni waliumia. Kwa muda wa miaka ile yote, watu wasiopungua 37 walipoteza maisha katika kuupanda mwamba huo, wengine kwa kuanguka, wengine kwa moyo kushindwa katika joto. Kila kifo kilihesabiwa mara mbili, mara moja katika daftari la polisi, na mara ya pili katika mioyo ya wazee wa hapo.

Hapa nataka tusimame kidogo, maana wapo wanaodhani kwamba ujuzi wa wenyeji ni mambo ya imani tu. Chukua habari ya moto. Tangu zamani Anangu walichoma nyasi kidogo kidogo, kipande hapa mwaka huu na kipande kule mwaka mwingine, wakati wa baridi. Walipoondolewa, uchomaji huo ulikoma, nyasi zikarundikana. Mwaka 1976 moto mkubwa ukateketeza sehemu kubwa sana ya hifadhi. Wataalamu wakakaa chini, wakapima, wakaona kwamba kumbe ile kazi ya wazee ndiyo iliyokuwa ikiilinda nchi. Kuanzia miaka ya 1980 hifadhi ikarudia kuchoma kwa vipande, kwa kufuata utaratibu wa wenyeji. Wanasayansi walipohesabu wanyama wa hifadhi mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980, walitembea na Anangu, kwa sababu hao ndio waliojua kusoma nyayo kwenye mchanga. Wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata.

Sasa turudi kwenye njia. Mwaka 1976 Bunge la Australia lilipitisha sheria ya haki za ardhi kwa ajili ya eneo la kaskazini. Anangu wakadai mwamba wao. Mwaka 1979 wakaambiwa kwamba ni kweli wao ndio wenyeji wa jadi, lakini ardhi iliyokwisha kuwa hifadhi ya taifa haidaiki. Fikiria, msikilizaji: unaambiwa nyumba ni yako, ila huwezi kuidai kwa sababu imekwisha kuchukuliwa.

Mwaka 1983 Waziri Mkuu Bob Hawke alitangaza kwamba Uluru utarudishwa. Wenyeji walitegemea kwamba kuupanda nako kutakoma. Lakini katika mazungumzo yaliyofuata, serikali ilishikilia mambo mawili: hifadhi ikodishwe kwa serikali kwa miaka 99, na watalii waendelee kupanda. Tarehe 26 Oktoba 1985 Gavana Mkuu, Ninian Stephen, aliwakabidhi hati. Muda mfupi baadaye, siku hiyo hiyo, Anangu waliweka saini ya kuikodisha hifadhi kwa serikali.

Wapo waliosema ule ulikuwa mchezo wa kuigiza. Mimi naona kuna kitu kimoja katika mkataba ule ambacho hakikuwa mchezo. Iliundwa bodi ya kuendesha hifadhi, na katika bodi hiyo Anangu ndio wengi. Leo ina wajumbe 12, na 8 kati yao ni wenyeji. Huko nyuma wenyeji waliitwa kutoa maoni, maoni yakaandikwa, na faili likafungwa. Safari hii walipewa kura. Tofauti ya mtu anayeombwa maoni na mtu mwenye kura ni kama tofauti ya mgeni aliyekaribishwa barazani na mwenye funguo za nyumba.

Jambo la kwanza lililoonekana ni kibao. Pale chini ya mnyororo paliwekwa tangazo, kwa lugha mbalimbali, likieleza kwamba wenyeji wanawaomba wageni wasipande. Tafadhali usipande. Hapo ndipo lilipoanza fundisho ninalotaka kulitoa wiki hii. Kwa miaka mingi kibao na mnyororo vilisimama pamoja, hatua chache tu kutoka kimoja hadi kingine. Kibao kilisema tafadhali usipande. Mnyororo ulisema shika hapa, panda. Unadhani watu walisikiliza kipi? Katika miaka ya 1990, karibu robo tatu ya wageni walipanda.

Tusiwalaumu wageni peke yao. Mtu aliyetoka mbali, amelipa kiingilio kwa serikali, anakuta serikali hiyo hiyo imefunga mnyororo wa kumsaidia kupanda. Ni haki yake kudhani kwamba kupanda ndiko kulikokusudiwa. Maneno ya kibao ni ombi, lakini njia yenyewe ni amri. Ndiyo maana nasema, ukitaka kujua kama mipango ya hifadhi imewasikiliza wenyeji kweli, usisome vibao wala vijitabu. Tazama miguu ya watu inaelekezwa wapi.

Bodi haikukimbilia kufunga. Walianza kwa kujenga njia nyingine. Mwaka 1995 kilifunguliwa kituo cha utamaduni, kilichojengwa kwa matofali ya udongo na kusanifiwa pamoja na Anangu wenyewe, kwa umbo linalowakumbusha Kuniya, chatu jike, na Liru, nyoka wa sumu, ambao vita yao inasomeka katika mwamba. Njia ya kuuzunguka mwamba ilipangwa ili mgeni aone mapango yenye michoro, mabwawa na alama za mababu, na mahali penye miiko pakawekwa alama za kuwaomba wageni wasipige picha. Njia fupi ya Mala ikawa na askari wa hifadhi wa kuongoza na kueleza. Njia nyingine ikawapeleka wageni kwenye bwawa la Mutitjulu, pale pale palipomwagika damu mwaka 1934, na huko sasa wanasimuliwa habari ya Kuniya.

Sisi watu wa redio tunalifahamu jambo hili. Ukienda kumhoji mzee wa kijiji, kuna mahali atakwambia, hili nakwambia wewe, lakini zima chombo chako. Mwandishi mwenye adabu huzima. Yale aliyoruhusu yanatosha kwa kipindi kizuri. Anangu nao hawakusema mgeni asione chochote. Walichagua kipi kisimuliwe, kipi kisisimuliwe, na wakaitengeneza njia ifuate uchaguzi huo.

Mwaka 2010 mpango mpya wa hifadhi uliandika waziwazi kwamba njia ya kupanda itaweza kufungwa ikiwa wanaopanda watapungua chini ya asilimia 20 ya wageni, au ikithibitika kwamba wageni wana mambo mengine ya kutosha yanayowavuta. Kufikia katikati ya muongo huo, wapandaji walikuwa wamebaki asilimia 16 hivi. Maana yake ni kwamba njia za chini zilikuwa zimeishinda njia ya juu kabla haijafungwa. Tarehe 1 Novemba 2017 bodi ilikutana, ikapiga kura, na wote kwa kauli moja wakaamua kufunga. Mwenyekiti, Sammy Wilson, alieleza kwamba mahali pale si uwanja wa michezo. Tarehe ya kufunga ikawekwa 26 Oktoba 2019, siku ya kutimia miaka 34 tangu hati ikabidhiwe.

Palikuwa na kelele. Wenye biashara ya utalii waliogopa hasara. Wengine walisema mwamba ni wa Waaustralia wote. Wengine wakaleta hoja nzito zaidi: kwamba katika miaka ya 1940 wapo wazee wa Kianangu waliofuatana na wageni kuupanda, basi mwiko huu umetoka wapi? Hoja hiyo inastahili jibu. Kwanza, Anangu hawakusema kwamba hakuna mtu aliyewahi kupanda. Wao wenyewe wanasema mababu wa Mala walipanda. Walichosema ni kwamba si njia ya kila mtu. Pili, mtu aliyenyang'anywa nchi, ambaye miaka michache nyuma ameona ndugu yake akipigwa risasi, akiombwa na mwenye nguvu amwongoze, je, kukubali kwake kunaweza kuitwa ruhusa? Ruhusa hutolewa na mwenye uwezo wa kukataa. Uwezo huo Anangu waliupata mwaka 1985, na hata hapo ulikuwa nusu.

Katika siku za mwisho watu walifika kwa wingi kupanda kabla ya mlango kufungwa, na foleni ya sisimizi ikawa ndefu kuliko ilivyokuwa kwa miaka mingi. Kisha njia ikafungwa. Mnyororo ukang'olewa pamoja na nguzo zake. Mstari mweupe uliosuguliwa na mamilioni ya viatu bado unaonekana mwambani.

Sitaki kuipamba hadithi hii kupita kiasi. Kufunga njia hakukuwajengea nyumba watu wa kijiji cha Mutitjulu, na matatizo ya afya na kazi kwa wenyeji asilia wa Australia ni makubwa hadi leo. Aidha, toka hati kukabidhiwa hadi njia kufungwa ni miaka 34. Wapo wazee waliolidai jambo hilo wakafa bila kuliona. Lakini mtu akiniuliza kama ujuzi na utamaduni wa wenyeji unaweza kuingia katika mipango ya njia za umma bila kuwafukuza wageni, nitamwonyesha Uluru.

Na sisi huku Afrika Mashariki? Kuna jambo moja linalotuunganisha na mwamba ule. Mwaka 1987, Uluru na Kilimanjaro viliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mwaka mmoja, na vyote viwili kwa sifa za maumbile tu. Mwaka 1994 Uluru uliandikwa upya, safari hii kwa utamaduni wa watu wake pia. Kilimanjaro mpaka leo umo orodhani kwa uzuri wa maumbile. Msomaji wa orodha ile hataambiwa lolote juu ya mifongo, ile mifereji ambayo Wachagga waliichimba kuteremsha maji kutoka milimani, wala juu ya sale, mmea wa amani na wa mipaka.

Tumefanya mambo fulani, tusijidharau. Kilele kilichoitwa kwa jina la mfalme wa Ujerumani tulikiita Uhuru mwaka 1961. Katika njia ya Marangu, vibanda vilivyoitwa Bismarck na Peters sasa vinaitwa Mandara na Horombo, majina ya watawala wa Kichagga. Ni vizuri. Lakini jina ni kibao, ndugu msikilizaji. Uluru nao ulirudishiwa jina lake rasmi mwaka 1993, likiandikwa pamoja na lile la Ayers Rock, na kwa miaka 26 zaidi watu waliendelea kuupanda kwa mnyororo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wapangaji wa hifadhi zetu, mlimani na pwani, katika misitu ya kaya na kwenye maporomoko, ni dogo. Kabla kalamu haijagusa ramani, waulizeni wanaoishi hapo: maji yako wapi, moto huanzia wapi, makaburi yako wapi, wapi pasikanyagwe na kwa nini. Kisha wapeni viti na kura mahali panapoamuliwa, maana jibu lisilo na kura huishia kwenye faili. Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Njia inayomfurahisha mgeni na kumwacha mwenyeji na msiba, hiyo imekosewa tangu kwenye ramani.

Mpaka wiki ijayo, panapo majaliwa, kwaherini.